Gari la Spoti Halivuti: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Difu au Gia Boksi

Neno "halivuti" hubeba matatizo mengi yasiyo na undugu. Kuna injini inayolegea kila gia ya pili inapoingia, kuna gari linaloshindwa kupanda mlima wa Sachangwan likiwa gia ya juu, na kuna lile linalogonga mstari mwekundu (kikomo cha mizunguko ya injini) mita chache kabla ya kona. Wengi hukimbilia dawa moja: difu (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) yenye namba kubwa zaidi, yaani inayozungushwa mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Difu hiyo hutibu baadhi ya dalili, nyingine haizigusi kabisa, na chache huzizidisha.

Namba tatu za kupata kwanza

Unahitaji mzingo wa tairi, uwiano wa kila gia na uwiano wa difu. Usiamini tangazo la muuzaji. Gari lililotoka Japani huenda lilishabadilishwa gia boksi hukohuko, au mwenyewe wa kwanza hapa alifunga spea iliyopatikana.

Mzingo: weka upepo sawasawa, dereva aketi ndani, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni. Sukuma gari hadi tairi lizunguke mara tatu, pima umbali, gawanya kwa tatu. Tairi la 215/45R17 kwa hesabu ya karatasi ni mita 1.96, lakini likibeba uzito hubonyea na kutoa karibu 1.93.

Difu ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma: weka nyutro, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au kabari, inua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi. Zungusha gurudumu hilo mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti. Ikizunguka mara 41, difu ni 4.1, mara 43, ni 4.3. Mizunguko ni 20 badala ya 10 kwa sababu gurudumu moja likisimama, difu ya kawaida huzunguka nusu. Kama difu ina kifaa cha kuzuia gurudumu moja lisiteleze peke yake, inua yote mawili na uyazungushe pamoja mara 10.

Kama huwezi kuinua gari, tumia GPS ya simu. Fomula ni hii:

Kasi (km/h) = mizunguko ya injini kwa dakika × mzingo × 0.06 ÷ (uwiano wa gia × uwiano wa difu)

Subaru Impreza WRX yenye gia ya nne ya 0.972, difu ya 3.9 na mzingo wa mita 1.95 inapaswa kusoma kilomita 92 au 93 kwa saa kwenye mizunguko 3,000. GPS ikisema 81, kuna mtu aliyefika humo kabla yako. Hiyo ni difu ya 4.444.

Mfano tutakaoutumia sana ni Toyota 86 ya kwanza, kwa sababu namba zake zinaonyesha karibu kila tatizo: gia 3.626, 2.188, 1.541, 1.213, 1.000 na 0.767, difu 4.1, mstari mwekundu 7,400. Kwa tairi tulilopima, gia ya kwanza huishia kilomita 58 kwa saa, ya pili 95, ya tatu 136, ya nne 172.

Dalili: injini inalegea mara tu gia ya pili inapoingia

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Gawanya uwiano wa gia ya pili kwa ule wa kwanza: 2.188 ÷ 3.626 = 0.603. Maana yake, ukibadilisha kwenye 6,500 injini huangukia 3,900 hivi. Injini ya 86 ina bonde la toki (mahali nguvu ya kuzungusha inaposhuka) linalojulikana kote, kuanzia mizunguko ya elfu tatu na ushee hadi karibu 4,500. Umeitupa injini katikati ya bonde. Ukisubiri hadi 7,400, inaangukia 4,465, ukingoni mwa bonde, na gari linaamka.

Mapengo mengine ni haya: kutoka ya pili kwenda ya tatu injini hubaki na asilimia 70 ya mizunguko, ya tatu kwenda ya nne 79, ya nne kwenda ya tano 82. Hivyo ndivyo gia boksi nzuri ya spoti hupangwa, mapengo yakizidi kubana kadiri unavyopanda, kwa sababu kwenye kasi kubwa hewa hula nguvu yote na injini haina ziada ya kupanda tena kutoka chini. Pengo la tano kwenda sita hupanuka tena hadi asilimia 77, kwa kuwa ya sita imewekwa kwa ajili ya safari na mafuta, si kwa mbio.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa difu hawalitaji: difu haibadilishi pengo lolote kati ya gia. Ukifunga 4.3 au 4.556, injini bado itaangukia asilimia 60 ileile, kwenye bonde lilelile. Tofauti ni kwamba litatokea kwenye kasi ndogo zaidi.

Kwa hiyo chunguza kwa mpangilio huu:

1. Je, unabadilisha mapema? Piga video ya dashibodi, tazama unaacha gia kwenye mizunguko mingapi na injini inaangukia wapi. Badilisha pale ambapo nguvu inayofika magurudumuni kwa gia inayofuata inalingana na ile uliyo nayo. Kwenye injini nyingi zisizo na turbo, mahali hapo pako juu kidogo ya kilele cha nguvu za farasi, si kwenye kilele cha toki.
2. Je, injini yenyewe ni mzima? Chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, plagi zilizochoka au kihisi cha hewa kichafu hulifanya pengo la kawaida lionekane kama shimo.
3. Je, unaweza kujaza bonde badala ya kulikwepa? Kwenye 86, eksozi ya mbele iliyobadilishwa pamoja na kurekebisha kompyuta ya injini hufanya hivyo, na gia boksi haifunguliwi.
4. Yote yakishindikana, ndipo unatazama gia zenyewe. Ukiweka ya kwanza ya 3.1 hivi na kuacha ya pili ile ile, injini itabaki na asilimia 71. Lakini gari sasa litaondoka kwa shida, kwa sababu 3.626 × 4.1 ilikupa 14.9 na sasa una 12.7. Hapo difu ya 4.556 ina kazi halali: inarudisha jumla hadi 14.1. Gia na difu huchaguliwa pamoja. Ukinunua kimoja leo na kingine mwakani, mwaka mzima utaendesha gari baya kuliko ulilokuwa nalo.

Wenye Corolla yenye injini ya 4A-GE wana njia rahisi zaidi. Gia boksi ya C56 yenye gia tano ina 3.166 na 1.904 kwenye gia mbili za kwanza, pengo la asilimia 60. C160 ya gia sita, iliyokuja kwenye Corolla za AE111 za mwisho, ina 3.166 na 2.050, asilimia 65. Ukibadilisha kwenye 8,000 hiyo ni tofauti kati ya kuangukia 4,800 na 5,200, na kwa injini isiyopenda mizunguko ya chini tofauti hiyo inasikika. Lakini wingi wa gia peke yake si hoja. Magari ya Rally1, daraja la juu la mbio za magari za dunia, yanayokuja Naivasha tangu 2022 yana gia tano tu.

Dalili hii hujitokeza kwa ukali kwenye kona za kurudi nyuma za Tambach, kati ya Iten na bonde la Kerio. Kwenye kilomita 30 kwa saa, 86 iko kwenye mizunguko 2,300 kwa gia ya pili na 3,850 kwa ya kwanza. Moja inazembea, nyingine inapiga kelele. WRX hali ni mbaya zaidi: ya pili inakupa 1,950 tu na turbo bado imelala. Hapa difu ya 4.444 husaidia kweli, kwa sababu shida si pengo, ni kasi ya kona. Lakini kabla ya difu jaribu kujifunza kurudisha gia ya kwanza ukipandisha mizunguko kwa kisigino kwenye mafuta huku vidole viko kwenye breki. Dereva wengi wamekataa kuitumia ya kwanza gari likiwa linatembea, kisha wanailaumu difu.

Dalili: gia ya juu haishiki kwenye mlima

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, na Timboroa ni zaidi ya 2,700. Hewa ya Kisumu ina uzito wa asilimia 90 hivi ya ile ya pwani, ya Nakuru 83, ya Timboroa 76. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Farasi 200 za kwenye karatasi ni kama 167 Nakuru na 152 Timboroa, na joto la mchana la Kisumu huondoa nyingine kidogo zaidi ya hesabu hii.

Hewa nyepesi pia hupunguza ukinzani, ndiyo maana kasi ya mwisho kwenye tambarare haishuki sana. Uzito wa gari, hata hivyo, haupungui hata gramu. Kwa hiyo hasara yote ya mwinuko unaikuta mlimani na wakati wa kuongeza kasi.

Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na abiria, kwenye mteremko wa kupanda wa asilimia 6, kilomita 80 kwa saa. Uzito peke yake unahitaji kilowati 18, msuguano wa tairi 4, hewa 3. Jumla 25. Kwenye gia ya sita ya 86 injini iko chini ya 2,200, na katika mwinuko wa Mau Summit haina ziada ya maana kwenye mizunguko hiyo. Gari linashikilia kasi au linapoteza polepole.

Je, difu ya 4.3 itatibu? Itapandisha mizunguko hadi 2,280. Asilimia 5. Kurudi gia ya tano kunakupeleka 2,830 bila kulipa chochote. Kwa maoni yetu, gia ya juu ya barabarani haina wajibu wa kupanda Mau. Wajibu wake ni tambarare za Ahero. Ukilazimika kurudi gia mbili mara kwa mara kwenye barabara unayopita kila wiki, hapo kuna hoja ya kubadilisha difu. Moja, hapana.

Kabla ya kulaumu uwiano, tazama tairi. Hapa Magharibi wengi hupandisha gari na kuweka tairi nene kwa sababu ya matuta na barabara za murramu. Kutoka 205/55R16 kwenda 215/60R16 kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 632 hadi 664, asilimia 5. Difu yako ya 3.9 sasa inafanya kazi kama ya 3.71, na spidomita inasema uongo kwa kiasi hichohicho. Kurudisha tairi la kiwanda ni marekebisho ya uwiano ya bei rahisi kuliko yote.

Turbo hupunguza hasara ya mwinuko, lakini huchelewa zaidi kuamka kwa kuwa hewa ni chache. WRX kwenye gia ya tano, kilomita 80 kwa saa, iko chini ya 2,000. Rudi ya nne, uwe 2,600.

Dalili: ukishuka, gari linakimbia na breki zinanuka

Gia inayofaa kushukia kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa ni ile ambayo injini inashikilia kasi bila wewe kugusa breki mfululizo, kwa kawaida mizunguko 3,500 hadi 4,500. Difu ya namba ndogo au tairi kubwa hupunguza ushikaji huo. Kama gia ya tatu haishiki na ya pili inapita mstari mwekundu, pengo ni pana mno au uliingia mteremko kwa kasi mno. Chunguza la pili kwanza. Na nyutro haina nafasi kwenye mteremko ule, hata kwa sekunde moja.

Dalili: kwenye otokrosi (mbio fupi za kozi ya kona nyingi) unafika kikomo kabla tu ya kona

Rekodi kasi ya juu kabisa kwenye kila sehemu iliyonyooka ya kozi, kwa GPS inayosoma mara 10 kwa sekunde. Ile ya simu ya kawaida ni ya polepole mno kwa kazi hii. Ukibadilisha gia kisha ukafunga breki ndani ya sekunde mbili, badiliko hilo limekugharimu muda kuliko lilivyokuletea.

Tuseme sehemu ndefu inafika kilomita 97 kwa saa. Gia ya pili ya 86 inaishia 95. Acha injini iguse kikomo kwa muda mfupi, usibadilishe, na usinunue chochote. Ikifika 110, unahitaji ya tatu hata hivyo. Difu ya 4.556 italeta badiliko kwenye kilomita 86 kwa saa na utakuwa na nafasi ya kutosha kuitumia ya tatu vizuri. Ikifika 90, difu hiyohiyo ni kosa, kwa sababu inaongeza badiliko ambalo halikuwepo.

Kwenye murramu mkavu kumbuka kwamba tairi ndilo linaloamua, si injini. Gia ya pili ikizungusha magurudumu bure hadi nusu ya mnyoosho, kuongeza namba ya difu ni kuongeza vumbi tu. Jaribu kuondoka kona kwa gia ya tatu, upime muda, kabla ya kuamua.

Dalili: gari linaondoka kwa shida, klachi inanuka

Zidisha gia ya kwanza kwa difu. Kwa gari dogo la spoti, jumla ya 13 hadi 15 ni ya kawaida. Chini ya 12, foleni ya Kondele mjini Kisumu itakula klachi, na kupanda mlima wa Riat baada ya kusimama kutakuwa mateso. Kama jumla iko sawa, tatizo ni klachi yenyewe. Ijaribu: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote mlimani. Mizunguko ikipanda na kasi isipande, klachi inateleza.

Dalili: kelele na ulaji wa mafuta kwenye barabara kuu

Hii ndiyo bei ya difu ya namba kubwa. 86 ya 4.1 inakwenda kilomita 110 kwa saa kwenye mizunguko karibu 3,000, ya 4.556 ni 3,300. Kwa anayesafiri Nakuru na Kisumu kila wiki, tungeishia 4.3.

Dalili zinazoanza baada ya kufunga difu mpya

Kwanza, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linalojikaza na kuruka kidogo likikata kona kali kwenye lami. Difu ya mbele na ya nyuma hazilingani. Kwenye Subaru nyingi za gia tano, mbele ni 3.9 na nyuma 3.545, na wengi hushtuka kuona namba mbili tofauti. Kati yao kuna gia ya kuhamishia ya 1.1, na 3.545 × 1.1 = 3.9. Ukifunga difu ya nyuma ya 3.9 kwenye gia boksi hiyo, nyuma inakuwa 4.29, tofauti ya asilimia 10, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kitapata joto hadi kife. Usiliendeshe hata kulirudisha gereji. Hesabu meno ya krauni na pinio (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) kabla ya kufunga: 39 kwa 11 ni 3.545, 39 kwa 10 ni 3.9, 37 kwa 9 ni 4.111, 40 kwa 9 ni 4.444.

Pili, spidomita. Corolla AE86 ya zamani (si 86 ya mfano wetu) husoma kasi kwenye mkia wa gia boksi, kabla ya difu, kwa hiyo ukiongeza namba ya difu itasoma kasi kubwa kuliko ukweli. Magari yanayosoma kasi kwenye vihisi vya ABS hayaathiriwi na difu, ila tairi bado litayadanganya.

Tatu, mlio wa kuimba. Ukisikika unapokanyaga mafuta tu, au unapoachia tu, krauni na pinio hazikukutana vizuri. Mwombe fundi akuonyeshe alama ya mguso wa meno kwa rangi kabla ya kufunga kifuniko. Alama ikikaa kwenye kilele au kwenye shina la jino, pinio iko kwenye kina kisicho sahihi na shimu yake (bati jembamba la kurekebisha nafasi) ibadilishwe. Mchezo (nafasi ya kulegea) kati ya krauni na pinio kwa difu nyingi za ukubwa huu ni milimita 0.10 hadi 0.20, lakini kipimo cha mtengenezaji ndicho sheria. Fundi asiye na saa ya kupimia mchezo huo asiifungue difu yako.

Difu mpya iendeshe taratibu kwa dakika 20, iache ipoe kabisa, rudia mara mbili au tatu, usivute mzigo, kisha mwaga mafuta baada ya kilomita 800. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Dalili isiyohusu uwiano kabisa

Gia inakwaruza ikiingia, hasa ya pili asubuhi kukiwa na baridi ya Molo. Hiyo ni sinkro (pete inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) au mafuta. Gia boksi nyingi zenye sinkro za shaba hutaka mafuta ya daraja la GL-4. GL-5 huweza kuwa telezi mno kwa sinkro kushika. Subaru ni tofauti: difu ya mbele imo ndani ya gia boksi hiyohiyo, kwa hiyo hutumia GL-5 75W-90, karibu lita 3.5 kwa ile ya gia tano. Kama mafuta ni sahihi na bado inakwaruza, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde tano, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza hata hivyo, klachi haiachii vizuri: toa hewa kwenye mfumo wake au rekebisha kebo, kisha jaribu ya pili tena kabla ya kushusha gia boksi.